Mkanda wa mahipi wenye majina mawili, rangi nyekundu na harufu ya siki: nianzie wapi?

*"Naishi Columbus, Ohio. Kwenye mnada wa vitu vya nyumba ya marehemu fulani nilinunua makopo mawili ya filamu ya milimita 16 pamoja na bango lililokunjwa. Ni hadithi ya mahipi: binti anatoroka kwao, anaangukia kwenye nyumba ya vijana wanaotumia LSD, mambo yanaharibika. Jina lililo kwenye bango si lile lililo kwenye mkanda. Mkanda unaanza na alama ya GP, kisha mzee mwenye koti la daktari anaonya kuhusu dawa za kulevya. Lebo ya kopo inasema dakika 76; mtandaoni naiona filamu hiyohiyo kwa jina la bango, ya mwaka 1968, dakika 85. Nikiinua mkanda dirishani kila kitu ni chekundu, na kopo la pili linanuka siki. Aliyeniuzia anasema filamu haina mwenyewe kwa sababu hakimiliki haikuhuishwa, kwa hiyo naweza kuipandisha YouTube. Rafiki yangu ana projekta. Je, nimeuziwa feki? Na hizo sehemu mbovu nizikate kwanza kabla ya kuionyesha?"*

Usikate chochote, na mkanda usiingie kwenye projekta ya rafiki yako mpaka uupime kama nitakavyoeleza. Ukizingatia hayo mawili, mengine yanaweza kusubiri. Kuhusu feki, ondoa shaka. Jina lisilolingana, daktari anayeonya na dakika zilizopungua ni mambo ya kawaida kabisa kwa filamu za aina hii. Yanayonitia wasiwasi mimi ni mengine: harufu ya kopo la pili, na hayo maneno ya muuzaji kuhusu hakimiliki, ambayo si kweli hata kama yeye mwenyewe anayaamini.

Filamu hizi zilitengenezwa kuwahi gumzo kabla halijapoa. LSD ilipigwa marufuku California tarehe 6 Oktoba 1966. Mwezi uliofuata vijana walivutana na polisi kwenye Sunset Strip, Los Angeles, kisa amri ya kutotembea usiku. Ndani ya miezi minne hivi mtayarishaji Sam Katzman alishapiga filamu kuhusu vurugu hizo, akaihariri, na ikawa inaonyeshwa. Bajeti za filamu za aina hii zilikuwa ndogo, waigizaji wengi hawajulikani, na sehemu kubwa ya picha ilipigwa nje mchana kwa sababu taa ni gharama. Ile "safari" ya LSD ilifanywa kwa lenzi za kuvunjavunja picha na mafuta ya rangi yaliyomulikwa ukutani. Hakuna aliyewaza kwamba baada ya miaka hamsini na kitu mtu angekaa na mkanda mapajani akijiuliza ipi ndiyo nakala halisi.

Usambazaji nao ulichangia. Kampuni yenye nguvu kama American International Pictures ilikuwa na mtandao wake, lakini watayarishaji wadogo waliuza haki za kuonyesha eneo kwa eneo. Aliyenunua haki za majimbo kadhaa alichukua nakala zake, akazungusha kwenye sinema za mjini na zile za kutazama ukiwa ndani ya gari, na hakukuwa na wa kumhoji. Jina likishachoka sokoni alibandika jingine, akachapisha bango jipya, akairudisha palepale ilipoonyeshwa mwaka uliopita. Kwa hiyo bango lenye jina moja na mkanda wenye jina jingine vinaweza kuwa vya filamu moja, kila kimoja cha msimu wake.

Unaweza kuthibitisha hilo kwa macho. Tandika kitambaa cheupe kisicho na nyuzi zinazochomoka, vaa glavu za nitrili, fungua mita tatu au nne za mwanzo za rili ya kwanza, kisha tafuta fremu zenye jina la filamu. Tazama zinapoanza na zinapoishia. Jina likiwa limebadilishwa, mara nyingi utakuta maandishi ya mtindo tofauti na majina ya waigizaji yanayofuata, mandhari iliyogandishwa au nyeusi tupu wakati majina mengine yanapita juu ya picha inayosogea, na chembechembe za picha zilizo kubwa zaidi kwa sababu kipande hicho kimenakiliwa mara ya ziada. Angalia pia mistari ya sauti pembeni mwa picha: muziki ukikatwa ghafla hapo, mchoro wake hubadilika umbo kati ya fremu moja na inayofuata. Kiungo chenyewe, yaani mahali vipande viwili vilipounganishwa, huenda usikihisi kwa kidole, maana kama kilifanywa kwenye negativu (mkanda mama unaotoa nakala), nakala yako itakuwa imekibeba kama picha tu, kimstari chembamba kwenye mpaka wa fremu.

Daktari wa kwenye mkanda wako ni mbinu ya zamani ya kujikosha, iliyokuwepo tayari miaka ya 1930. Filamu inauza kashfa, ila inatanguliza onyo ili polisi, wachungaji na bodi za ukaguzi zipate cha kushika. Wakati mwingine onyo liliongezwa bila ridhaa ya mwongozaji. Filamu ya Roger Corman ya mwaka 1967, *The Trip*, iliwekewa maandishi ya onyo mwanzoni na kampuni iliyoisambaza, na mwishoni uso wa mwigizaji Peter Fonda ukachorewa nyufa za kioo kilichovunjika ili mtazamaji aelewe kwamba kijana ameharibika. Corman hakuyataka hayo. Kwa hiyo ukikuta nakala ya mtandaoni haina daktari, usikimbilie kusema kwamba yako ndiyo imechezewa au ya kwao ndiyo imekatwa. Zote mbili huenda zilipita sinema.

Kidokezo chako kikubwa ni GP. Mfumo wa madaraja ya filamu Marekani ulianza tarehe 1 Novemba 1968 ukiwa na G, M, R na X, kutoka G ya watu wote hadi X ya watu wazima tu. M ikawa GP mwaka 1970, na mwaka 1972 GP ikageuzwa PG. Filamu ya 1968 yenye alama ya GP ilirudishwa sokoni kati ya 1970 na 1972, na kwa hadithi ya dawa za kulevya, GP haikupatikana hivihivi. Mtu alikaa akapunguza uchi, sindano au kipigo ili vijana waingie bila mzazi. Dakika zako tisa zilizopotea nadhani zilikwenda huko. Ni dhana yenye nguvu, ila bado dhana, na inapimika.

Inapimika kwa sababu lebo ya kopo si ushahidi. Makopo hubadilishwa, na mtu huandika dakika alizozisoma mahali fulani. Pima mkanda wenyewe, wala huhitaji kuufungua wote. Chukua rula, pima kipenyo cha nje cha mkanda uliokunjwa na kipenyo cha kitovu cha rili. Gawanya kila kimoja kwa mbili upate nusu kipenyo, zidisha kila nusu kipenyo kwa chenyewe, toa kidogo kwenye kikubwa, zidisha kwa 3.14, kisha gawanya kwa unene wa mkanda, ambao kwa filamu za wakati huo ni karibu milimita 0.15. Mfano: kipenyo cha nje sentimita 33, kitovu sentimita 12. Nusu zake ni milimita 165 na 60. Hesabu inatoa kama mita 495. Mkanda wa milimita 16 unatembea mita 10.97 kwa dakika, kwa hiyo hiyo ni rili ya dakika 45. Fanya hivyo kwa rili zote mbili, jumlisha. Mkanda uliokunjwa kwa ulegevu utakudanganya kwa dakika moja au mbili, si tisa.

Upande wa mtandaoni nao unahitaji kuhojiwa. Kanda nyingi za video za Ulaya ziliendeshwa kwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo filamu ya dakika 85 sinema huonekana ya dakika 82 hivi. Kama hiyo ya mtandaoni ilitoka kwenye kanda ya Uingereza au Ujerumani na bado ina dakika 85, basi sinema ilikuwa karibu dakika 88 na nusu, na pengo lako ni kubwa kuliko unavyodhani.

Zipo pia sababu nyingine za nakala kupishana, na viungo ndivyo vitakavyokuambia ipi ni ipi. Viungo vilivyorundikana mwanzoni na mwishoni mwa rili ni uchakavu: kila mkanda ukikatika wakati wa kuvishwa, fremu chache zinatupwa. Kiungo katikati ya tendo, mkono unashika sindano kisha ghafla watu wako nje ya nyumba, ni kazi ya mkaguzi au ya mwendesha projekta. Maryland ilikuwa na bodi yake ya ukaguzi mpaka 1981. Na kuna kisa cha *I Drink Your Blood* ya 1970, yenye kundi la mahipi wa kishetani, iliyopewa X kwa ajili ya ukatili: msambazaji wake, Jerry Gross, aliwaachia wenye sinema wakate wenyewe ili wakwepe X, nakala zikawa hazifanani tena. Mikanda ya milimita 16 ina la kwake: mingi ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni na vyuo, na ile ya televisheni wakati mwingine iliongezewa matukio kujaza muda. Nakala fupi kuliko nyingine inaweza kabisa kuwa na picha ambazo ile ndefu haina. Ndiyo maana nilianza kwa kukukataza mkasi.

Sasa wekundu. Mkanda wa rangi una rangi tatu zilizolaliana: manjano, waridi iliyokolea na samawati. Nakala za Eastmancolor (filamu ya rangi ya Kodak) za miaka hiyo zilikuwa na samawati dhaifu inayooza hata gizani, ndani ya kopo, bila mwanga wowote. Ikishaondoka, inabaki waridi na kiasi cha manjano, ndiyo nyekundu unayoiona. Kodak walileta nakala zenye rangi imara mwanzoni mwa miaka ya 1980 tu. Usiangalie nyuso za watu kupima ubovu. Angalia ule mstari unaotenganisha fremu na fremu. Ulitakiwa kuwa mweusi tii. Ukiwa wa kahawia iliyoiva bado kuna samawati ya kuokoa. Ukiwa mwekundu kama juisi ya rosela, matarajio yawe madogo. Hakuna dawa ya kupaka wala taa ya kurudisha rangi kwenye mkanda wenyewe, na anayekuuzia huduma hiyo anakuibia. Marekebisho hufanyika kwenye skani pekee: mashine inasoma kila rangi peke yake, kisha ile hafifu inavutwa juu kwa kompyuta. Matokeo huwa na ngozi za watu zinazoeleweka, lakini vivuli huwa na chembechembe na majani ya miti hayarudi kuwa kijani ya kweli.

Harufu ya siki ndiyo yenye haraka. Mkanda wako ni wa asetati, aina ya plastiki. Pembeni utasoma neno SAFETY, kwa hiyo huna hofu ya kulipuka kama mikanda ya naitreti ya kabla ya miaka ya 1950. Asetati ikikaa kwenye joto na unyevu inaachia asidi, na asidi hiyo inachochea nyingine itoke. Mkanda unasinyaa, unakakamaa, kingo zinaanza kupinda kama mawimbi. Kopo la chuma lililofungwa kabisa linazuia asidi kutoka, na hali inazidi. Leo hii litenge kopo la pili na la kwanza, na bango liende chumba kingine, maana asidi hula karatasi. Hamishia mikanda kwenye makopo ya plastiki ya polipropilini yenye matundu ya hewa. Fungulia dirisha unapofanya kazi, na mwenye pumu asikae humo.

Kisha nunua vijikaratasi vya A-D vya kupimia asidi hiyo, vinavyotengenezwa na Image Permanence Institute ya Rochester, New York. Weka kimoja ndani ya kila kopo, funika, acha saa 24 kwenye joto la kawaida la chumba. Hutoka bluu kwenda kijani hadi manjano, na kwenye penseli inayokuja navyo kuna ngazi za 0 hadi 3. Ikifika 1.5, uozo umeshaanza kujiendesha wenyewe. Chini ya hapo, mahali pa baridi na pakavu panakupa miaka. Juu ya hapo, chagua kuskani mapema au kugandisha. Friza ya nyumbani inafaa ukiufunga mkanda kwenye mifuko miwili ya kuziba, hewa imetolewa. Siku ya kuutoa, uache ufungwe hivyohivyo saa 24 ndipo ufungue, la sivyo unyevu utagandia kwenye picha.

Na kipimo nilichokuahidi, kile kinachoamua habari ya projekta. Mkanda wa milimita 16 una tundu moja kwa kila fremu. Laza mkanda juu ya meza bila kuuvuta, weka futi ya chuma, pima kutoka ukingo wa chini wa tundu moja hadi ukingo wa chini wa tundu la 101. Mkanda mzima unatakiwa kutoa milimita 762. Ukisoma 756, umesinyaa asilimia 0.8, na hapo mimi ningeacha. Ukisoma 754 au chini yake, umepita asilimia 1: meno ya projekta hayaingii tena sawasawa, yanachana matundu moja baada ya jingine, na kwa fremu 24 kila sekunde utakuwa umeharibu mita kadhaa kabla hujafikia swichi. Pima mara tatu sehemu tofauti, kwani milimita moja ya makosa ni asilimia 0.13. Pima rili zote mbili. Ya kwanza isiyonuka inaweza kuwa salama kabisa na ya pili isifae.

Kuhusu hakimiliki, muuzaji amechanganya miaka. Sharti la kuhuisha, yaani kuandikisha hakimiliki upya baada ya miaka 28, liliangusha filamu nyingi za Marekani zilizotolewa mwaka 1963 na kurudi nyuma. Kwa zilizotolewa kati ya 1964 na 1977, sheria ya mwaka 1992 ilifanya uhuishaji ujiendeshe wenyewe. Filamu ya 1968 iliyotolewa na tangazo halali la hakimiliki inalindwa miaka 95, mpaka mwisho wa 2063. Kilichoweza kuiangusha ni kingine: kutolewa bila tangazo kabisa. Ndivyo ilivyoipata *Night of the Living Dead*, ya mwaka huohuo 1968: tangazo lilikuwa kwenye fremu za jina la awali, wakabadilisha jina dakika za mwisho, tangazo likaondoka nalo.

Unaona hatari ilipo kwako. Mkanda wako umebadilishwa jina. Tangazo likikosekana kwenye nakala yako, inaweza kuwa lilikuwa kwenye fremu alizozitoa msambazaji wa 1970 au baadaye, wakati zile za 1968 zilikuwa nalo. Nakala moja haithibitishi chochote. Piga picha fremu zote za mwanzo na za mwisho, tafuta neno Copyright au alama yake na jina la mmiliki, kisha tafuta majina yote mawili ya filamu katika orodha za Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani za 1960 hadi 1969 na za miaka iliyofuata. Kutoandikishwa huko peke yake hakumaanishi haina mwenyewe. Nyimbo nazo zina wenyewe tofauti na filamu, na mahipi hawa hawakai dakika kumi bila bendi. Kununua mkanda kumekupa umiliki wa plastiki hiyo na haki ya kuitazama nyumbani. Kabla ya YouTube, lipia saa moja ya mwanasheria wa hakimiliki.

Ukiamua kuskani, uliza maswali haya kabla ya bei: mashine inavuta mkanda bila meno? Inamulika nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake? Watachukua fremu nzima mpaka kingo, ili alama za pembeni zionekane? Watakupa faili lisilorekebishwa rangi? Kwa nakala ya milimita 16 iliyopunguzwa kutoka filamu ya milimita 35, ubora wa 2K unatosha. 4K itakuonyesha chembechembe tu. Faili la ProRes 422 HQ (aina ya faili la video la ubora wa juu) la dakika 76 litakuwa GB 100 au zaidi, kwa hiyo andaa diski mbili. Maabara yenye mashine ya meno ikikuambia "tutajaribu", ondoka na makopo yako.

Kuuza, kwa kweli, usitegemee. Nakala nyekundu yenye siki haina soko, labda bango. Thamani yake iko kwenye tofauti: jina, daktari, alama ya GP na chochote kilichokatwa au kuongezwa. Wanaojali hayo wapo. American Genre Film Archive ya Austin, Texas, iliyoanzishwa 2009, inahifadhi filamu za aina hii hasa; UCLA Film & Television Archive na Academy Film Archive za Los Angeles nazo zinapokea mikanda. Kuna hata kampuni ya kurejesha na kutoa filamu za kashfa iliyojiita Vinegar Syndrome, jina la ugonjwa wa kopo lako la pili.

Nenda kwa mtu mwenye utaalamu, ana kwa ana, bila kujaribu lolote ukiona mkanda umegandana tabaka kwa tabaka, kuna unga mweupe kwenye kingo, kipimo kiko chini ya milimita 750, au A-D imegeuka manjano. Mkanda wa hivyo hukunjuliwa na maabara, polepole, mara nyingine kwa siku kadhaa. Unapoiandikia hifadhi, tuma picha ya fremu ya jina, ya alama ya GP, ya fremu ya mwisho na ya maandishi ya pembeni. Alama za duara, mraba na pembetatu ambazo Kodak walichapa pembeni kuonyesha mwaka mkanda ulipotengenezwa zilirudiwa kila baada ya miaka 20, kwa hiyo ziache wazisome wao wakizilinganisha na GP. Ongeza urefu kwa mita wa kila rili, kipimo cha matundu, rangi ya A-D, na orodha ya viungo: viko dakika ya ngapi, na tendo gani linakatika hapo.